Mabamba Matatu

(Hotuba ya fundi mmoja wa reli kwa wanachama, darasa la jioni)



Nimeombwa nieleze jinsi fundi asiye na mashine kubwa anavyoweza kupata chuma kilicho bapa barabara. Wengi wenu mnajitengenezea mashine ndogo za kukereza na za kutoboa. Mashine kama hiyo, hata ikiwa na mota nzuri, kitanda chake kikipinda, kila kitakachotoka humo kitapinda. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Tena liko jambo linalotuhusu sisi kama chama. Kazi yako ikikataliwa, na bamba la kupimia liko kwa yule anayeikataa peke yake, utautetea mshahara wako kwa nini? Mwenye kipimo ndiye mwenye neno la mwisho. Basi afadhali tujue kipimo chenyewe hutoka wapi.

Watu hudhani bamba bapa lazima lipimwe kwa bamba jingine lililo bapa zaidi. Je, lile la kwanza kabisa lilipimwa kwa nini? Halikupimwa kwa kitu. Lilitengenezwa pamoja na wenzake wawili. Fundi Mwingereza Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay huko London, aliieleza njia hiyo mbele ya wataalamu mjini Glasgow mwaka 1840.

Kwa nini matatu, yasiwe mawili? Tazameni sahani mbili zilizopangwa kabatini. Zimelaliana vizuri, lakini hakuna hata moja iliyo bapa. Mabamba mawili nayo ni hivyo: moja likibinuka na jingine likibonyea, yatashikana, nawe utadanganyika. Lete la tatu, uongo utaonekana.

Fanya hivi. Chukua mabamba matatu ya chuma cha kusubu, ya mraba, manene. Yaandike 1, 2 na 3. Paka 1 rangi ya buluu ya mafuta, nyembamba sana, ulilaze juu ya 2 na kulisogeza kidogo. Palipoingia rangi ndipo palipoinuka, pakwangue. Rudia mpaka 2 likubaliane na 1. Kisha fanya 3 nalo likubaliane na 1. Sasa kutanisha 2 na 3. Kama 1 lilikuwa limebinuka, hawa wawili wamebonyea wote, nao watagusana kingoni tu. Punguza kingo za yote mawili kwa kadiri moja. Halafu rekebisha 1 kwa 2, na uendelee kuzunguka. Kila mzunguko kosa hupungua. Siku yatakapokubaliana yote matatu, kila moja na kila mwenzake, hayana njia ya kubinuka wala kubonyea.

Lakini angalieni: mabamba yaliyojisokota kwa upande mmoja yanaweza kukubaliana yote matatu. Kwa hiyo unapojaribu, geuza bamba la juu robo ya mzunguko, ulijaribu tena. Msokoto utajitoa wenyewe.

Kikwanguo utakipata katika tupa kuukuu: saga meno yake, noa ncha yake. Kwangua kidogo kidogo, na kila zamu ubadilishe mwelekeo. Usisuguanishe mabamba kwa unga wa msasa. Unga haukai mahali ulipoambiwa. Hula hata pale pasipotakiwa kuliwa. Whitworth naye aliukataa.

Bamba likalie nukta tatu, kama chungu juu ya mafiga. Likikaa juu ya nne, litapindika kufuata meza. Na usiharakishe baada ya kulishika. Chuma cha kusubu cha urefu wa mita 1 huongezeka karibu milimita 0.011 kwa kila digrii moja ya joto la Sentigredi. Upande mmoja ukipata joto la mkono au la jua, bamba hujikunja, nawe utakwangua kilima kitakachotoweka jioni. Acha lipoe, ndipo ulipime.

Mwisho hesabu alama za rangi katika inchi moja ya mraba. Zikiwa 10, zimeenea sawa, zatosha kwa kazi nyingi. Zikiwa 20, hiyo ni kazi safi.

Ndugu zangu, kazi hii ni ya siku nyingi, na mkono utauma. Ndiyo maana nashauri tuifanye watatu watatu, kila mtu na bamba lake, kwa kuwa mmoja peke yake hawezi kulithibitisha lake. Kazi ikimalizika, kila mmoja atakwenda nyumbani na kipimo cha kweli, asichokiazima kwa mtu. Na siku akiambiwa kazi yake ni mbovu, hatagombana. Atasema tu, “Leta rangi, tuijaribu.”