Dawa za Pumu na Masomo ya Mtoto

Mitihani ikikaribia, wapo wazazi wanaomnyima mtoto dawa za pumu, wakihofia zitampumbaza akili. Hofu hii si ya leo. Zamani walioshukiwa ni tembe za theofilini. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walilinganisha alama za mtihani za watoto wenye pumu na za ndugu zao wa tumbo moja. Hawakuona tofauti, hata kwa waliomeza theofilini.

Kweli, ile pampu ya buluu, salbutamoli, inaweza kuitetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio kwa muda mfupi. Mwandiko ukiharibika asubuhi hiyo, mwalimu amwelewe. Tembe za prednisoloni nazo zaweza kumkosesha usingizi au kumfanya mkali. Mweleze daktari, lakini usikatize dawa kwa uamuzi wako.

Sasa mzazi mwenzangu, jana usiku alilala au alikohoa hadi alfajiri? Hapo ndipo usingizi wa darasani hutoka. Pampu ya kuzuia humpunguzia kikohozi hicho, basi aivute kila siku, hata akijisikia mzima, kisha asukutue mdomo. Ile ya buluu iende naye shuleni, ikae mkobani mwake, si kwenye kabati lililofungwa la mwalimu mkuu.