Khutba ya Ijumaa: Mgeni Aliye Kizuizini na Haki Yake ya Kusikilizwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, Hakimu ambaye mbele Yake hakuna mgeni wala mwenyeji. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyelelewa yatima na akahama mji wake hali ya kuwa anatafutwa, na ziwafikie Jamaa zake na Sahaba zake.

Ammaa baad. Ndugu zetu Waislamu wa Juani, nanyi nyote mnaotusikiliza majumbani na vyuoni, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri.

Leo tunataka kumzungumza mtu ambaye wengi wetu hatumfikirii: mgeni aliyekamatwa katika nchi isiyo yake, akatiwa ndani, naye angoja kurudishwa alikotoka. Hana jamaa wa kumpelekea chakula, hana lugha ya kujieleza, na pengine hajui hata shitaka aliloandikiwa. Je, mtu huyu ana haki juu yetu? Wako wanaojibu upesi kwamba amevunja sheria, basi na aondoke. Jawabu hilo limeruka hatua moja, nayo ni kumsikiliza.

Mwaka wa tano tangu Bwana Mtume (S.A.W.) apewe utume, yaani mwaka 615 wa Miladia, Waislamu wa Makka walizidiwa na mateso. Mtume akawaelekeza Habasha, kwa mfalme asiyedhulumiwa mtu kwake, nao wakavuka bahari. Makuraishi hawakuridhika. Waliwatuma Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia, pamoja na zawadi za ngozi nzuri, wakadai watu wao warudishwe. Na tazameni walivyolipanga jambo lao. Kabla ya kumfikia mfalme waliwapa zawadi wakuu wa dini wa barazani kwake, wakawaomba wamshauri awatoe wakimbizi wale pasipo kusema nao neno. Hilo ndilo walilolihofu hasa: wakimbizi wakipata kusema, watasikilizwa.

Wakuu wale walishauri kama walivyoombwa. Najashi alighadhibika. Alikataa kuwatoa watu waliouchagua ulinzi wake kuliko wa mfalme mwingine mpaka awaite na kuwauliza mwenyewe. Ndipo aliposimama Jaafar bin Abi Talib, nduguye Sayyidna Ali, akasema kwa niaba ya wenzake wote: walikuwa watu gani hapo zamani, Mtume amewafundisha nini, na wamefanyiwa nini kwao. Kesho yake Amr alirudi na shitaka jipya, kwamba watu hawa husema neno baya juu ya Nabii Isa, amani imshukie. Usiku huo ulikuwa mzito kwao. Wakashauriana, wakakata shauri kwamba watasema kweli, liwalo na liwe. Jaafar akaisema. Najashi akaamuru zawadi zirudishwe kwa wenyewe, na Waislamu wakabaki katika amani.

Basi ndugu zangu, Waislamu wa mwanzo waliponea kwa mambo mawili: hakimu aliyekataa kuhukumu kabla ya kusikia, na msemaji aliyeweza kusema kwa ajili ya wasioweza.

Leo wana wa nchi ile ile ya Habasha wanapita kwetu. Ni vijana, wengi wao kutoka sehemu za kusini za Hadiya na Kambata, wakielekea Afrika Kusini kwa njia ya Kenya na Tanzania. Mwezi wa Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori katika mkoa wa Dodoma. Wanaokamatwa wakiwa hai hufikishwa mahakamani. Kijana wa Kihadiya asiyejua Kiswahili wala Kiingereza husomewa shitaka, na akiitikia kwa kichwa huandikwa kwamba amekiri. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka ushahidi ufasiriwe kwa lugha anayoifahamu mshitakiwa. Lakini mkalimani hatoki mbinguni. Hapana budi atafutwe, alipiwe nauli, apatiwe mahali pa kulala.

Hapa tusifahamike vibaya. Hatusemi kwamba mipaka ifutwe, wala hatumfundishi mtu kumficha mgeni asionekane na serikali. Dola ina haki ya kujua nani ameingia, na ina haki ya kumwondoa asiyestahili kukaa. Na anayepokea fedha za vijana hawa kisha akawapakia kama magunia, huyo ni dhalimu, na kumfichua ni wajibu. Tunalosema ni kwamba kuondolewa kuje baada ya kusikilizwa. Ni jambo liliomo katika Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a): haki za mtu yeyote zinapoamuliwa, ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Katiba hapo imesema mtu, haikusema raia.

Na Mwenyezi Mungu, katika aya ya 6 ya Suratut Tawba, ameamrisha kwamba hata mshirikina, tena wakati wa vita, akiomba ulinzi apewe, asikilizishwe maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Ikiwa ndivyo kwa adui, vipi kwa mvuvi aliyekimbia na watoto wake?

Tunamtaja mvuvi kwa makusudi. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 katika jimbo la Cabo Delgado, kusini ya Ruvuma, vimewatoa watu wengi katika vijiji vya pwani, na mwezi wa Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, wengi walikimbia kwa miguu na kwa vyombo. Wamo Wamwani na Wamakonde, watu ambao lugha zao hapa visiwani zina wenye kuzifahamu. Akitua mmoja wao ufukweni kwetu, jueni kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayetafuta hifadhi ajieleze ndani ya siku saba kwa ofisa anayehusika, au kwa ofisa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani. Mtendaji wa kijiji hayuko mbali na mtu yeyote wa Juani. Kumshika mgeni mkono ukampeleka kwake siku ya kwanza, ukamtafsiria, kwaweza kumwepusha na gereza. Kumlaza kwenye banda kwa siku kumi kwa sababu ya huruma kwaweza kumharibia.

Wala asidhani mtu kwamba hili ni la wageni peke yao. Anudo Ochieng Anudo alikuwa na hati ya kusafiria ya Tanzania. Mwaka 2012, alipokuwa akishughulikia ndoa yake, uraia wake ukatiliwa shaka na hati ikashikwa. Mwaka 2014 akatolewa nchini kuelekea Kenya. Kenya nayo ikasema si mtu wake, ikamrudisha, naye akakwama mpakani Sirari baina ya nchi mbili. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba alivuliwa uraia na kufukuzwa kinyume cha haki, na kwamba hakupewa nafasi ya kupeleka shauri lake mahakamani. Hata hivyo tangu Novemba 2020 mlango ule haufunguki tena kwa mwananchi mmoja mmoja kupeleka kesi mpya, maana Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lake la kuruhusu jambo hilo. Kwa hiyo lisilosemwa mapema, katika mahakama ya hapa hapa, laweza lisisemwe popote.

Nasi tunaishi kando ya magofu ya Kua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini waliuvamia mji ule, wakaua na wakachukua mateka. Watu wa kisiwa hiki walipakiwa vyomboni pasipo mtu wa kuwauliza wao ni nani. Na vijana wa pwani yetu wako ugenini hata leo. Kule Afrika Kusini wageni wanaongoja kurudishwa makwao huzuiliwa katika kituo cha Lindela. Mwaka 2017 mahakama ya katiba ya nchi ile, kwa shauri lililopelekwa na mawakili wa haki za binadamu, iliamua kwamba mtu aliyezuiliwa hivyo afikishwe yeye mwenyewe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Waliolipigania jambo hilo hawakuuliza kwanza kama Mwafrika yule ni wa kabila lao.

Bwana Mtume (S.A.W.), kabla hajapewa utume, alihudhuria mapatano ya Hilful Fudul katika nyumba ya Abdullah bin Judaan. Sababu yake ni mfanyabiashara wa Zabid, katika nchi ya Yemen, aliyedhulumiwa mali yake mjini Makka, naye hana kabila la kumtetea. Waliokutana waliapa kusimama na mdhulumiwa yeyote, mwenyeji au mgeni. Mtume aliendelea kuyasifu mapatano yale hata baada ya Uislamu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliosomeshwa kazi hiyo, wanaomsaidia asiye na uwezo pasipo malipo, ijapokuwa kusimama mahakamani ni kazi ya wakili. Wanafunzi mliomaliza shule na mnakaa barazani, kwa nini asitoke mmoja wenu akasomea kazi hii? Na sisi wengine tuna nauli ya mashua hadi Utende na ya gari hadi Kilindoni, tuna ndimi za kutafsiri, na tuna ushahidi: yule anayejua kwamba fulani amezaliwa hapa, au kwamba ametua jana na wala si mwaka jana, aende akaseme. Kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo, kama tulivyoonywa katika Suratul Baqara. Kuhusu zaka, wanavyuoni wana maneno yao juu ya msafiri aliyekatikiwa, na masharti yake yaulizwe kwao. Sadaka haingoji fatwa. Sanduku la msikiti hununua mikeka kila mwaka. Mwaka huu na litoe pia nauli ya mkalimani.

Ewe Mola wetu, wafungulie walio kizuizini pasipo haki, wape mahakimu wetu subira ya kusikiliza, na uwalinde watoto wetu walio katika nchi za watu. Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu.