Chungulia Pasipopakwa Rangi

Msikilizaji, dalali anapokupeleka kuona nyumba Tabata au Mbezi, utakuta ua umefagiwa na kuta zinanukia rangi mpya. Wengi hapo huhesabu vyumba, hufungua bomba moja, kisha huanza kupatana bei. Naomba wewe uanze kwa kuinama.

Dar es Salaam ina mabonde mengi, na nyumba iliyowahi kuingiwa na maji hubaki na alama. Chungulia nyuma ya kabati na ndani ya stoo, ambako mpaka rangi hakufika. Tazama miguu ya fremu za milango kama imevimba, na kwaruza plasta ya chini uone kama inapukutika. Halafu mwache dalali, uende kwa mama mwenye genge pale jirani, umuulize: mafuriko ya Desemba 2011 maji yalifika wapi? Ukiweza, rudi wakati wa masika, mvua ikinyesha. Hata kama nyumba ni kavu, pima umbali wake na mto, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Barabara kuu nazo zina hifadhi zake zisizoruhusiwa kujengwa. Waliobomolewa nyumba Kimara mwaka 2017 wanajua uchungu wa alama ya X inayochorwa ukutani kabla ya kubomolewa.

Uliza pia shimo la choo liko wapi, na kama gari la kunyonya maji taka linapita kwenye hicho kichochoro. Nunua umeme kidogo kwa namba ya mita ya nyumba hiyo, usome risiti: tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na deni lililolala litajionyesha. Hati ipelekwe ofisi ya ardhi ikafanyiwe upekuzi, ujue kama nyumba imewekwa rehani benki.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Mwanamume anauza nyumba, anasema mke amesafiri, na mnunuzi anaridhika kwa sababu hati ina jina la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na haijali jina la nani limeandikwa. Hapo mnunuzi anajinunulia kesi, na mama na watoto wanapoteza usingizi. Mwenye nyumba akiwa amefariki, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, kisha uketi na warithi wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba, omba kuonana na mke wa muuzaji ana kwa ana. Msalimie, mweleze bei mliyopatana, asaini mbele ya wakili. Akishtuka kusikia nyumba yake inauzwa, aga kwa heshima, uondoke na fedha zako.