Bima ya Mstaafu wa Barabarani

Msikilizaji, ukipita Mwakirunge alfajiri, kabla malori ya taka hayajaanza kuelekea jaani, utaona kanta moja moja zikipashwa injini. Katika hizo, dereva mmoja ni mtu wa makamo aliyeacha kazi mapema. Kiinua mgongo kilinunua kiploti na gari, na sasa Jumatatu yuko Taveta kupakia vitunguu, Alhamisi yuko Malindi kufuata maembe, Jumamosi anashusha Kongowea. Kulala hulala humo humo garini. Watu wa aina hii wanazidi huku Kisauni, nami nawauliza: presha ikikupanda Voi, nani atalipa?

Serikalini hapa Kenya kustaafu kwa lazima ni miaka 60, lakini unaruhusiwa kutoka ukiwa na 50. Ulipokuwa kazini, asilimia 2.75 ya mshahara ilikatwa kwa bima ya afya ya serikali kabla hujaishika. Mwenye 40,000 alitoa 1,100. Pengine mwajiri alikuongezea bima ya kampuni. Hiyo huisha unapoaga. Ukikimbilia bima binafsi, kwanza utaulizwa umri, halafu presha na sukari. Maradhi uliyoingia nayo aghalabu husubirishwa muda kabla ya kulipiwa, na bei hupanda jinsi unavyozeeka.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, haikukatai kwa ajili ya sukari. Ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa msafiri ina jema ambalo halijasifiwa vya kutosha. Enzi za NHIF ulichagua kituo chako cha matibabu ya kutolazwa. Ukiugua mbali nacho, shauri yako. Sasa unatibiwa kwenye kituo chochote chenye mkataba. Zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la pili na la tatu, vinalipiwa na hazina ya serikali, mradi umejisajili. Kuanzia daraja la nne ndipo mchango wako huangaliwa.

Na mchango huo ndio ugomvi wangu. Asiye na mshahara hupimwa kwa maswali: ukuta wa nini, paa la nini, maji yatoka wapi, nyumbani mna nini. Sasa mstaafu aliyejenga nyumba ya mawe enzi za mshahara atajibuje? Ukuta utasema ana kitu, na mfuko hausikilizwi. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini unatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600 kwenda juu. Ukishindwa, upo mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole. Mtu akope ili awe na bima! Anayepokea pensheni kila mwezi angekatwa humo humo kila mwezi, kama alivyozoea kazini, na sioni ugumu uko wapi.

Hadi hapo watakapobadilisha, mwezi wako wa mwisho wa mshahara usiupoteze. Piga *147# ya SHA, jaza hali yako mpya, ulipe mwaka kabla hujanunua tairi. Najua tairi huja kwanza. Ila tairi likipasuka Maungu utapata wa kukusaidia kusukuma. Bili ya kulazwa haina wa kuisukuma.

Kwa wanaovuka mpaka, SHA hubaki Kenya. Ukiingia Holili au Horohoro, unatibiwa kwa pesa yako. Zanzibar nao, tarehe ile ile 1 Oktoba 2024, walianza kuwataka wageni wanunue bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44. Lakini hiyo ni ya dharura ya msafiri, si ya vidonge vya kila mwezi. Hivyo mwenye presha anayekwenda kufuata mzigo ng'ambo achukue dawa zake Kenya kabla ya kuvuka, zimtoshe safari nzima na siku mbili tatu za kukwama forodhani.