Uliwaonyesha Kijiko?

Leo sikuja kuwahubiria. Nimekuja kuwasimulia kosa langu la kazini. Viranja na viongozi wa klabu za afya, tegeni masikio zaidi, maana linawahusu.

Nilipotoka chuo kikuu nilijiona mjuzi kweli kweli. Mwezi wa kwanza kazini nilipelekwa shule moja ya sekondari kufundisha namna ya kumhudumia mtoto anayeharisha. Nikavaa shati jeupe, nikajaza ubao maneno makubwa makubwa ya vitabuni. Mwisho nikauliza, "Mmeelewa?" Wote kwa pamoja: "Ndiyooo!" Nikaondoka kifua mbele.

Wiki iliyofuata nilirudi na msimamizi wangu, muuguzi wa siku nyingi ambaye sote tulimwita Mama. Yeye hakuuliza kama wameelewa. Aliweka mezani maji, sukari, chumvi na kijiko cha chai, akamwita kiranja wa afya. "Haya mwanangu, nitengenezee." Kijana akaweka sukari nusu kijiko. Chumvi? Vijiko sita! Darasa zima kimya, kana kwamba ni sawa. Mama akaonja, akatema.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Chumvi nyingi namna ile inaweza kumletea mtoto mdogo degedege, hata kumuua. Na kijana yule nyumbani kwao alikuwa na mdogo wake wa mwaka mmoja.

Njiani nikaanza kulalamika. "Mama, watoto hawa hawasikilizi."

"Uliwaonyesha kijiko?"

"Hapana, Mama."

"Ulichanganya ukaonja nao?"

Nikanyamaza. Hakunigombeza zaidi ya hapo, na kusema kweli ingekuwa afadhali angenigombeza.

Baadaye nilisoma habari za Bangladesh. Kuanzia mwaka 1980 shirika la huko liitwalo BRAC lilituma wafanyakazi wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kuchanganya chumvi, sukari guru na maji. Mshahara wa mfanyakazi ulitegemea yale ambayo mama anayakumbuka mkaguzi anapokuja baadaye, si idadi ya nyumba alizopita! (Mimi kwa somo langu lile ningelala njaa.) Lakini hata hapo kulikuwa na tatizo: akina mama walikumbuka, ila wengi hawakuyatumia maji yale. Kuchunguza, kumbe baadhi ya wafanyakazi wenyewe hawakuyaamini. Wakiharisha wao, walikimbilia vidonge. Ikabidi waeleweshwe upya, wakaanza kuyanywa mbele ya akina mama. Hadi 1990 walikuwa wamezifikia familia zaidi ya milioni 12.

Sasa wewe kiranja unayesema Form One hawasikii: umewahi kunawa mikono mbele yao? Unaposimama mstarini na kusema "msinywe maji ya bomba bila kuchemsha", halafu wakakuona saa sita umeinamia bomba, wanajifunza nini?

Basi tuchanganye, na leo kila mmoja aonje. Ukipata paketi ya ORS kituo cha afya au duka la dawa, hiyo ndiyo bora. Fuata maji yaliyoandikwa juu yake. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia sukari vijiko sita vya chai na chumvi NUSU kijiko, vyote vimesawazishwa juu, visiwe na mlima. Onja. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Mtoto apewe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya na kula. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali.

Nilirudi kwenye shule ile mara ya tatu, safari hii bila chaki. Yule kiranja aliomba afundishe yeye. Alikuwa na kijiko chake mfukoni, na kila aliyesema ameelewa alimpa kijiko kile na kumwambia, "Haya, nionyeshe." Mtu wa kwanza kuitwa mbele nilikuwa mimi.