KIKULACHO KI CHINI YA MTO

Hapa Kibamba, kama ilivyo Kiluvya au Mbagala, mtu mwenye shughuli zake Kariakoo huamka saa kumi alfajiri. Akichelewa kidogo, foleni ya barabarani itamlia muda wote wa asubuhi. Wataalamu wanasema mtu mzima anahitaji usingizi wa muda usiopungua saa saba. Basi mtu huyu, ili aamke saa kumi, yampasa awe amelala saa tatu usiku. Lakini pita mitaani kwetu saa sita usiku, taa zimezimwa, nawe utaona vimwanga vikichezacheza madirishani. Hizo ni simu.

Kesho yake baba anasinzia ndani ya daladala na mtoto anasinzia darasani. Tukiulizana sababu, wengi hujibu kwa neno moja: mionzi. Wapo wanaosema mnara uliosimikwa mtaani ndio unaotafuna ubongo. Wengine husema simu ikilazwa karibu na kichwa huondoa kumbukumbu. Leo naomba tulipime jambo hili kwa utulivu.

Simu hutuma sauti na picha kwa mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayowaletea sauti yangu. Si mionzi kama ya eksirei, yenye nguvu ya kudhuru chembe za mwili moja kwa moja. Mawimbi ya redio yakiwa makali mno hupasha mwili joto, ndiyo maana vipo viwango vya kimataifa visivyotakiwa kuvukwa. Hapa nchini, kazi ya kusimamia mionzi, pamoja na hii ya simu na minara, ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003. Mwenye shaka na mnara wa mtaani kwake asikae kunung'unika barazani. Apeleke swali huko.

Je, mawimbi hayo hayaugusi usingizi hata kidogo? Huko nako tusikimbilie. Mwaka 1999 Profesa Alexander Borbély na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, waliwalaza vijana na kuwapelekea mawimbi yanayofanana na ya simu. Waliona umeme wa ubongo umebadilika kidogo wakati wa usingizi. Lakini vijana wale hawakukosa usingizi. Tafiti zilizofuata nazo ziliona badiliko la namna hiyo, bila kuonyesha kwa uhakika kwamba linamharibia mtu usingizi wake. Na mwaka 2024, mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mawimbi hayo hupunguza kumbukumbu au uwezo wa kufikiri.

Basi mwizi ni nani? Watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's, mjini Boston, Marekani, walitoa jibu mwishoni mwa mwaka 2014. Waliwapa watu 12 vitabu vya kusoma kabla ya kulala, siku kadhaa vya karatasi, na siku kadhaa vya kwenye skrini yenye mwanga. Waliosoma kwenye skrini walichelewa kusinzia kwa karibu dakika 10. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ilipungua kwa zaidi ya nusu. Na asubuhi waliamka wakiwa wazito.

Hao walikuwa wanasoma vitabu tu. Sisi tunatazama mpira, tunabeti, tunabishana kwenye makundi, tunamsubiri fulani ajibu. Mwanga unauzuia usingizi na moyo unaufukuza. Mtoto wa sekondari, anayehitaji saa nane hadi kumi za kulala, anabaki na nne au tano, kisha tunamwita mvivu wa kusoma.

Kumlaumu mnara ni rahisi kwa sababu mnara hauko mkononi mwetu. Simu iko mkononi. Najua wengi tunaishi chumba kimoja, na simu ndiyo saa ya kutuamsha. Iwekwe juu ya kabati, mbali na kitanda. Italia, nawe utalazimika kuinuka kuizima. Na kama bado unayahofia mawimbi, dawa ni hiyo hiyo, kwa kuwa hupungua upesi kadiri unavyokaa mbali nayo.

Lakini mzazi hawezi kumnyang'anya mtoto simu saa tatu, kisha yeye akakesha na yake hadi saa saba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi kimehamia chini ya mto. Tukitoe huko, sote, wakubwa kwa wadogo.

Lala salama, ndugu msikilizaji.