Nira ya ng'ombe si ya punda



Hapa Ufipa maksai wanalima na kusomba mahindi. Anayetumia punda asimfunge nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu anasukuma nira kwa nundu. Punda hana nundu. Nira inamchubua shingo tu. Yeye huvuta kwa kifua.

Mtengenezee mkanda wa kifuani, upana wa vidole vinne, wa turubai au gunia lililokunjwa. Kamba tupu inakata ngozi. Mkanda ukae chini ya koo, asikose pumzi, na juu ya maungio ya mabega, mguu utembee huru.

Kwa mzigo wa mgongoni, shona mito miwili ya gunia, ujaze majani makavu. Mmoja kulia, mwingine kushoto. Katikati, uti wa mgongo usiguswe.

Kila jioni pitisha kiganja. Ukikuta uvimbe, joto au manyoya yaliyokatika, rekebisha kabla ya kesho. Akiwa na kidonda, kioshe kwa maji safi yenye chumvi, mpumzishe mpaka apone, na umwone mtaalamu wa mifugo. Pepopunda huingilia kwenye kidonda, na huua.